Wa Elfu Kumi, Akaangwe Akauke, Kichwa Kibaki: Mfumo Mpya wa Oda Uliotua Mirongo

Ngoja niseme mapema kabla pumzi hazijaniishia: mfumo huu ni moto! Tumezoea menyu za mtandaoni ambazo ni karatasi iliyopigwa picha kwa simu, imelala upande, bei zimekatwakatwa kwa peni, na chini kabisa kuna namba ya kupiga isiyopokelewa mchana. Huu siyo huo. Huu unajua kuwa tawi la Mirongo, Mwanza, limebakiwa na sato wanne wa Sh10,000, kuwa wawili ni wa ziwani na wawili ni wa kizimba, na kuwa karai la pili ndiyo kwanza limebandikwa. Yote hayo unaambiwa kabla hujaamua kama unakula ugali au wali.

Wenye migahawa wameomba wasitajwe mpaka siku ya uzinduzi, nami nimekubali maana wakati wa majaribio walinifungulia jiko, kishikwambi, na hata ukurasa wa meneja. Itoshe kusema ni matawi matatu ya samaki. La kwanza lipo Mirongo, hatua chache tu kutoka kwenye mto wenyewe unaokatiza katikati ya jiji kwenda kumwaga ziwani. La pili lipo Kirumba, na la tatu Nyegezi, upande wa stendi ya mabasi. Mkazi wa Mwanza atayakisia. Kisia, lakini usinitaje.

Tuanze na samaki, kwa sababu hapo ndipo vijana waliobuni mfumo huu walipoonyesha akili. Mifumo mingi ya oda duniani ilizaliwa kwa ajili ya piza. Mwaka 1994 Pizza Hut ilipoanza kujaribu PizzaNet kule Santa Cruz, California, mteja alijaza fomu kwenye kompyuta, oda ikasafiri hadi seva iliyokuwa Wichita, Kansas, ikarudishwa dukani Santa Cruz, na pesa akalipwa keshi kijana aliyeleta boksi. Tangu hapo kila kitu kimekuwa kizuri zaidi na cha haraka zaidi, ila wazo la msingi limebaki lilelile: menyu ni ya kudumu, saizi ni tatu, na leo ni kama jana. Sasa uletee mfumo wa namna hiyo sato wa Nyanza! Leo upepo umechafuka, mitumbwi imerudi na wadogo watupu. Kesho wanaingia wakubwa wa kulisha familia nzima. Keshokutwa mzigo unachelewa hadi saa nne asubuhi, na mgahawa wa watu unafungua na supu peke yake.

Kwa hiyo waliutupa ule mpango wa piza wakaanzia kwa mama wa jikoni. Mzigo ukifika kutoka soko la Mwaloni, yeye hapimi kilo. Anawapanga kwa jicho: huyu wa elfu nane, huyu wa elfu kumi, huyu wa elfu kumi na tano, na huyu mkubwa kabisa wamembatiza Mwenyekiti. Kishikwambi kimetundikwa ukutani juu ya beseni la kuoshea samaki, kimevalishwa plastiki ngumu, na kina vitufe vinne tu vya saizi, vikubwa kama kiganja. Mama anabonyeza kwa ubavu wa kidole gumba kwa sababu ncha za vidole zimejaa magamba. Anabonyeza, na namba inapanda. Amekosea? Anabonyeza na kushikilia, inashuka. Nilisimama pale nikimwangalia akiingiza mzigo mzima wa asubuhi huku anamsema kijana wa mkaa, na hakukuwa na neno hata moja la kuandika. Hakuna kufungua akaunti wala nywila! Nilitamani nipige makofi, lakini mikono ilikuwa imeshika kikombe cha supu.

Halafu kuna kitufe cha pembeni: wa ziwani au wa kizimba. Ufugaji wa sato kwa vizimba umeshika kasi kwenye fukwe zetu, serikali nayo imekuwa ikitoa mikopo kwa wafugaji, na kila meza ya samaki Mwanza ina mtu anayekuapia kuwa anaweza kuwatofautisha akiwa amefumba macho. Mfumo hauingii kwenye ubishi huo. Unakuandikia tu asili ya samaki wako na kukuachia uchague. Nikauliza, mbona hakuna kitufe cha wale wadogo wa elfu tatu? Meneja akacheka. Kanuni za uvuvi zinataka sato awe na urefu usiopungua sentimita 25, na yeye hataki hata kitufe kimshawishi mtu.

Sasa shika simu. Unafungua kiungo, ukurasa unakuja. Hakuna programu ya kupakua, hakuna kuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wako wote. Ukurasa ni mwepesi kiasi kwamba ulifunguka kwenye simu yangu ya zamani, ile ambayo siku hizi hata picha za WhatsApp inazivuta kwa kuomboleza. Unachagua tawi, unamwona sato, unaanza kumpangia hatima yake: akaangwe akauke, akaangwe laini, abanikwe, apikwe rosti. Kichwa kibaki au kitoke. Apigwe chale nyingi au chache (hili nani aliliwaza? Apewe nyongeza ya mshahara!). Ugali wa dona, wa sembe au wa muhogo. Kachumbari iwekwe kando. Ndimu, ndiyo.

Ukishamchagua, samaki yule ni wako kwa dakika 5. Hapa naomba tukae kidogo, maana hiki ndicho kitu kilichonifanya niandike makala hii usiku badala ya kulala. Fikiria saa saba mchana, Mwenyekiti amebaki mmoja. Mtu wa Capri Point anamtaka, mtu wa Mabatini anamtaka, na meza namba tatu pale mgahawani nao wanamnyooshea kidole. Mfumo mbovu utamuuza mara tatu, kisha mhudumu apige simu ya kuomba radhi kwa wawili. Huu unamfungia kwa aliyemgusa kwanza. Kwa wengine anabaki anaonekana ila amefifia, na chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Muda ukiisha bila malipo, anaachiwa. Nilimwona mhudumu akimwambia mteja wa mezani, “Kaka, vumilia dakika mbili, kuna mtu kamshika mtandaoni,” na mteja akakubali kwa sababu skrini ilikuwa inamwonyesha zile sekunde zikiyeyuka. Meza nzima ikaanza kuhesabu kwa sauti! Alipoachiwa wakashangilia kana kwamba wamefunga goli.

Malipo ni eneo ambalo mifumo mingi hufia. Hapa unaweka namba yako ya simu, iwe ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas ambayo wengi wetu bado tunaiita Tigo Pesa, na ujumbe unajitokeza kwenye simu ukikutaka uweke namba ya siri. Basi. Hakuna kunakili Lipa Namba, hakuna kumtumia mtu picha ya ujumbe wa muamala halafu kumbembeleza aamini. Na mtandao ukisuasua? Tunajua mkono wetu: ukiona kimya, unabonyeza tena, na tena. Kila oda hapa imepewa namba yake tangu ulipomgusa samaki, na namba hiyo haikubali kulipiwa mara ya pili. Nilibonyeza kama mwendawazimu makusudi. Nikakatwa mara moja tu. Nilirudia kwa laini nyingine nikapata jibu lilelile. Nilisimama nikazunguka kiti.

Je, mtu asiyependa kulipa kabla hajaona chakula? Tupo wengi, na tuna sababu zetu. Oda ndogo zinaruhusiwa keshi mlangoni. Kwa oda kubwa, na kwa Mwenyekiti kila wakati, unatoa kishika uchumba cha nusu, salio unalimaliza ukishapokea. Naona ni busara kuliko kulazimisha watu wote walipe mbele, jambo ambalo mjini kwetu ni sawa na kufunga duka. Risiti ya EFD inatoka jikoni na kubandikwa kwenye kifungashio, na nakala inakuja kwenye simu. Hilo nalipita haraka, linafanya kazi, ahsante.

Turudi jikoni, mahali ninapopapenda. Programu nyingi za chakula hukuahidi dakika 30 kwa kila kitu, awe sato mkavu wa kilo moja au soda. Huu unahesabu makarai. Kila karai limeandikishwa lina nafasi ngapi za samaki wadogo na ngapi za wakubwa, na kila upishi una muda wake aliousema mpishi mwenyewe. Oda ikiingia inatafuta nafasi kwenye karai, ndipo inakwambia saa ya kuwa tayari. Kwa hiyo ukiambiwa saa saba na dakika ishirini, ni kwa sababu kuna nafasi kwenye mafuta saa saba kamili. Nilikaa na saa mkononi. Zilizowahi ziliwahi kidogo, zilizochelewa zilichelewa kidogo, na hakuna aliyepiga simu kuuliza “imefikia wapi”, sentensi ambayo ingetosha kuwa wimbo wa taifa wa wapenda kuagiza chakula.

Hapo likazuka swali ambalo mimi nisingelifikiria: vipi mtu aliyetembea kwa miguu yake, akanawa mikono, akakaa mezani, kisha anaangalia samaki wakitoka nje mmoja mmoja kwenye begi la bodaboda? Huyo ndiye aliyeujenga mgahawa kabla ya intaneti. Basi saa za mchana nusu ya makarai ni mali ya meza, na mtandao haugusi nusu hiyo hata ukilia. Nusu ya mtandao ikijaa, unaonyeshwa kuwa Kirumba kuna nafasi mapema zaidi, na tofauti ya nauli. Uamuzi ni wako. Hawakuhamishi tawi kimya kimya, na nawapenda kwa hilo.

Na sasa milima! Mtu aliyebuni programu ya kupeleka chakula kwenye jiji tambarare akiletwa Mwanza anaweza kulia. Nusu ya jiji imepanda juu ya mawe. Igogo, Mabatini, Isamilo: nyumba imekaa juu ya jabali, njia ya kwenda ni ngazi ya mawe yenyewe, kwenye ramani ni mita mia moja na kwa miguu ni jasho la robo saa. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, na mfumo unaipokea anwani hiyo vizuri tu. Lakini namba ya nyumba haimwambii dereva kuwa pikipiki inaishia chini ya mwembe. Kwa hiyo walikaa na madereva wa vijiwe wakachora kitu kinaitwa Mwisho wa Boda. Kila mtaa wa mlimani una alama zake: dukani kwa fulani, kwenye bomba, kanisani, penye jiwe lililochorwa rangi. Unachagua utateremka kwenye alama gani, au unaongeza Sh1,000 dereva apande kwa miguu. Elfu moja hiyo yote inakwenda kwa dereva, na inaingia kwenye simu yake palepale ukishathibitisha umepokea. Nilimuuliza mmoja kama inalipa. “Bosi, kwa Isamilo wangeweka elfu mbili.” Nimeuwasilisha ujumbe.

Wapo watakaouliza kwa nini mgahawa usijiunge tu na kampuni kubwa ya usambazaji ukaachana na kazi zote hizi. Kampuni ipi? Jumia ilifunga virago Tanzania Novemba 2019, na Desemba 2023 ikaachana kabisa na biashara ya chakula hata katika nchi ilikobakia nayo, Kenya na Uganda zikiwemo. Nairobi na Kampala wana Glovo, Dar es Salaam wana Piki, na nawatakia heri. Ila huko nje kamisheni ya programu za namna hiyo hufika asilimia 30 ya bei ya chakula. Mwaka 2020, wakati wa korona, jiji la San Francisco lililazimika kuiwekea kikomo cha asilimia 15 ili migahawa isife. Sasa chukua sato wa elfu kumi, toa mafuta, mkaa, ugali, mshahara wa mama, kisha mkatie mtu asilimia 30. Atabaki mwiba. Zaidi ya hapo, kwenye programu ya mwingine, mteja ni wa programu. Hapa mgahawa unajua wewe ni yule wa rosti kila Ijumaa.

Na kwa kuwa unajua, nililazimika kuuliza wanayafanyia nini majina na namba zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na mgahawa hauko juu yake. Walichonionyesha kinaridhisha: dereva anaona namba yako wakati wa safari tu, oda ikifungwa inafunikwa nyota. Dada zangu wanaotumiwa “mambo” usiku na mtu aliyewaletea chipsi wataelewa kwa nini nimeitaja.

Mwenye kiswaswadu hajaachwa. Anapiga simu kama zamani, mhudumu anaiingiza oda kwenye mfumo uleule, samaki anashikiliwa vilevile, na ujumbe wa malipo unamfikia hata kwenye simu ya tochi kwa sababu hauhitaji intaneti. Nilimshuhudia mzee mmoja akilipa hivyo, kisha akauliza kama punguzo lipo kwa wanaopiga sauti.

Kasoro? Zipo, na nazisema kwa mapenzi. Picha ya sangara si ya sangara, ni ya samaki wa nchi za baridi mwenye nyama ya rangi ya chungwa ambaye hajawahi kuliona ziwa hili. Piga picha ya mnofu wako mwenyewe, mwanga upo bure pale nje! Ujumbe wa makosa bado unakuja kwa Kiingereza, tena kikali. Pilipili haina chaguo la kufungwa peke yake, na mlaji wa pilipili anajua maana ya kuikuta imeshaloa ugali. Umeme ukikatika kishikwambi kinaendelea kwa betri, lakini printa ndogo ya oda inazima, na hapo kijana wa kaunta anarudi kupaza sauti dirishani. Vifungashio ni vizuri, foili ndani na mfuko mbadala nje, ila supu ikipanda Isamilo na dereva mwenye haraka, inafika nusu.

Ila kasoro inayoniuma kuliko zote ni moja. Dagaa! Mgahawa wa samaki, Mwanza, mfumo wa kisasa namna hii, na dagaa hawamo! Niliwabana vijana wawili waliouandika mfumo, wakaniambia hawajawasahau. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo wanatengeneza kalenda ya mwezi ndani ya mfumo, ili siku za mbalamwezi kitufe cha dagaa kijifiche chenyewe. Kalenda ya mwezi! Ndani ya programu ya kuagiza ugali! Nilipiga meza kwa furaha. Kisha nikawaambia wakifiche kitufe cha wabichi tu, waliokaushwa hawana mbalamwezi, wamejaa magunia Mwaloni mwezi mzima. Wakatazamana, mmoja akafungua kompyuta palepale. Uzinduzi unaanza na chakula cha mchana, tawi la Mirongo peke yake, saa sita hadi saa tisa. Dagaa, wamesema, ni toleo la pili.